Besi Aliyopimiwa Mama Pacha

Siku za kazi Mama Pacha alikuwa karani wa masjala kwenye zahanati. Kazi yake ilikuwa kutafuta majalada ya wagonjwa kwenye rafu za chuma: anapanda ngazi, anashuka ngazi, anapiga chafya kwa vumbi. Jumamosi na Jumapili alikuwa mtu mwingine kabisa. Alivaa raba, akabeba gitaa lake la besi mgongoni, akaenda kupiga na bendi kwenye kumbi za harusi. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Wapiga solo walikuja wakaondoka, mwimbaji wa kwanza aliokoka, wa pili alihamia kwa mke mpya, lakini mwenye besi alikuwa yuleyule, amesimama kushoto kwa ngoma, macho chini, kama mtu anayechambua mchele.

Besi yake ilikuwa ya kiwandani. Ilikuwa nyeusi, rangi imebanduka pale mkono unapoegemea, na nyuma ilikuwa na namba ndefu ya kukujulisha kwamba ina ndugu zake maelfu huko duniani. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa ameshaichoka. Wenzake walimtania kwayo, naye akacheka nao.

"Shemeji," mpiga solo alimwambia mumewe siku moja, ukumbini, "mkeo angepata chombo cha maana, sisi wote tungekuwa mbali."

Ulikuwa utani tu, lakini Baba Pacha hakuwa mtu wa utani. Alikuwa fundi wa breki za mabasi, na maneno ya watu huyachukua kama anavyochukua mlio wa gurudumu: akiusikia, lazima ajue unatoka wapi. Maneno yale yalimkaa. Mkewe alipokaribia kutimiza miaka arobaini na mitano, Baba Pacha akamwambia avae vizuri, kuna mahali wanakwenda.

Walikwenda kwa Mzee Randa. Ndivyo watu walivyomwita, kwa sababu ya ile randa yake ya kulainishia mbao ambayo hakumwazima mtu. Alikuwa seremala wa makabati kwa miaka thelathini, kisha uzeeni akageukia magitaa ya besi. Alitengeneza manne tu kwa mwaka, kwenye banda nyuma ya nyumba yake, na wapigaji walitoka mbali kuyafuata. "Kabati nililitengeneza, likanyamaza," alisema. "Hiki kitu ukikitengeneza kinakujibu."

Akamkalisha Mama Pacha kwenye kigoda, akachukua kiganja chake cha kushoto, akakilaza juu ya karatasi na kukichora kwa penseli, kidole kwa kidole. Akapima dole gumba. Akamwomba asimame, akapima kutoka begani hadi kiunoni. Mama Pacha hakuwa amewahi kupimwa kitu ila sare ya kazi. Aliona haya kidogo, na raha pia.

Kazi ilichukua miezi saba. Katikati ya miezi hiyo pikipiki ya Baba Pacha haikuonekana tena uani. Alisema imemchosha, na daktari amemshauri atembee. Mama Pacha alifanya kazi na madaktari, alijua hakuna daktari aliyesema hivyo.

Besi ilipotoka ilikuwa nzuri ya kumfanya mtu ashushe sauti. Mbao ya hudhurungi yenye mistari kama maji yanayotiririka, shingo nyembamba laini, hakuna kona hata moja ya kukukwaruza. Wenzake wa bendi waliisifu kabla hawajaisikia. Naye alipoulizwa na mumewe, baada ya harusi ya kwanza, "Vipi?" alijibu upesi, "Tamu sana."

Haikuwa kweli. Besi ile ilimtisha. Ya zamani ilitoa dum moja fupi, ikanyamaza, ikamwachia nafasi mpiga ngoma. Hii mpya ilitoa sauti ndefu, safi, iliyonyooka, na makosa nayo yakatoka marefu na safi. Kidole kikichelewa kidogo, ukumbi mzima unasikia. Miaka kumi na tisa alijiona mpigaji mzuri; sasa akasikia mambo yake mwenyewe ambayo hakuwahi kuyajua. Badala ya kukaa nyumbani afanye mazoezi kama mwanafunzi, akaanza kubeba zote mbili. Mpya anapanda nayo jukwaani nyimbo mbili za mwanzo, watu waione. Baada ya hapo anasema anaipumzisha.

Kisha bendi ikapata nafasi ya kurekodi. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani. Mama Pacha alipiga kwa besi mpya mara tatu. Fundi mitambo, kijana wa watu mwenye subira, akavua vifaa vya masikioni.

"Mama, ni nzuri. Ila haikai. Imejaa mno, inamfunika mwimbaji. Ile nyeusi umekuja nayo?"

Alikuwa nayo. Akapiga mara moja tu, ikakaa. Halafu wakatoka nje kupiga picha ya kava, na kwenye picha akashika ile ya hudhurungi, kwa sababu ndiyo iliyopendeza.

Wimbo ulipendwa. Ukapigwa saluni, madukani, kwenye simu za abiria. Mwanzoni kabisa kulikuwa na kipande cha besi peke yake, na watu walikipenda hicho kuliko maneno. Redio ikawaita. Baba Pacha aliomba ruhusa karakana, akaenda naye, akakaa kwenye kiti cha pembeni na shati lake la sikukuu.

"Ile besi ya mwanzo wa wimbo, mama yetu," mtangazaji akauliza, "ile sauti unaitoa wapi?"

Alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Angeweza hata kusema "vidoleni tu," akacheka, yakaisha. Lakini alimwona mumewe amesogea ukingoni mwa kiti kama mtoto anayesubiri jina lake liitwe.

"Ni besi aliyonizawadia mume wangu," akasema. "Imetengenezwa kwa mkono. Ya kiwandani haiwezi kutoa sauti ile."

Baba Pacha akainamisha kichwa, akitabasamu mpaka masikio yakasogea. Mama Pacha alihisi joto linapanda kutoka kifuani hadi usoni. Akadhani litapita.

Wiki tatu baadaye Mzee Randa akampigia simu. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyechelewa kufurahi maishani.

"Binti yangu, umenifungulia mlango. Njoo Jumamosi asubuhi uje na besi. Nina wageni wanataka kukusikia."

Wageni walikuwa wawili, mpiga besi wa bendi nyingine na mwalimu wa kwaya, wote wameshaagiza vyombo. Mzee Randa alikuwa amefagia banda mpaka likang'aa. Aliwawekea wimbo ule kwenye simu, akainua kidole. "Sikilizeni hapo. Hapo! Mnasikia inavyokatika? Kiwanda hakina mkono wa kufanya hivyo." Kisha akamgeukia Mama Pacha. "Haya, wape chenyewe."

Akapiga. Noti zilikuwa zilezile, vidole vilevile, lakini kilichotoka kilikuwa kitu kingine: kirefu, kinene, kinaelea. Akajaribu kukibana kwa kiganja, kikakwama. Mpiga besi wa bendi nyingine akatazama viatu vyake. Mwalimu wa kwaya akakohoa.

"Simama kidogo," Mzee Randa akasema taratibu. Akaipokea besi, akaigeuza, akaitazama shingo kwa jicho moja kama anayelenga shabaha. Furaha ilikuwa imemtoka usoni. "Si yeye, jamani. Ni mimi. Mbao hii nadhani niliiharakisha, haikukauka ipasavyo. Imecheza, ikapinda." Akamshika bega. "Nisamehe, binti yangu. Umepata aibu mbele ya watu kwa kosa langu. Niachie niirekebishe."

Mama Pacha alifungua mdomo. Mzee yule alikuwa anamwomba radhi yeye, mbele ya wateja wake, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesamehe. Akatoka mle bandani bila kuaga vizuri.

Jumatatu hadi Jumatano aliweka majalada pasipo pake. Mgonjwa wa kisukari akapewa jalada la mjamzito, muuguzi akaja juu, na Mama Pacha akaomba msamaha mara tano kwa kosa la mara moja. Wimbo ukipigwa kwenye simu ya mtu pale kwenye foleni, anapanda ngazi ya rafu na kujitia anatafuta kitu. Alhamisi aliomba ruhusa ya saa moja, akapitia nyumbani kuchukua ile nyeusi, akaenda nayo bandani.

Alimkuta Mzee Randa ameifungua besi yote. Nyuzi zimetolewa, na shingo imebanwa kwenye jiliwa la chuma.

"Nimeitazama siku nne," mzee alisema bila kugeuka. "Sioni kosa. Basi limejificha. Nitaipunguza yote nianze upya." Akashika randa.

"Mzee, weka chini."

"Hapana, usinihurumie."

"Haina kosa, mzee. Ule wimbo sikuupiga nayo." Akaiteremsha ile nyeusi mgongoni. "Niliupiga na hii. Redioni nilidanganya. Na Jumamosi ulipoomba radhi nilikuacha tu, nikanyamaza."

Mzee Randa aliweka randa mezani, polepole sana. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakugomba, na Mama Pacha alitamani angegomba.

"Lete," akasema.

Akaichukua ile nyeusi, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaitazama shingo kwa jicho moja, akavuta uzi mmoja.

"Nyuzi hizi uliweka lini?"

"Pacha walikuwa darasa la tatu."

"Sasa wako wapi?"

"Kidato cha nne."

Mzee alitikisa kichwa. "Zimekufa. Ndiyo maana inakata hivi. Na shingo imepinda kidogo." Akavuta uzi tena, akasikiliza mpaka mwisho. "Lakini si mbaya. Walioitengeneza walijua kazi. Nimewaambia watu miaka mingi kwamba huko viwandani hawajui." Akamrudishia. "Inaishinda yangu?"

"Kwa wimbo ule, ndiyo."

"Na kwa mkono wako?"

"Sijui, mzee. Yako sikuipa hata mwezi. Niliiogopa. Inasema kila kitu."

"Ungeniambia siku ya kwanza," alisema, "ningejua la kufanya. Ningekuwekea nyuzi nyingine, ningeshusha zile sumaku zinazonasa sauti. Au ningesema tu haikufai, nikampa mwingine. Badala yake nimewaambia watu wawili kwamba nimetumia mbao mbichi. Mimi. Sijawahi kutumia mbao mbichi hata kwa banda la kuku."

Maneno hayo yalimkata Mama Pacha kuliko matusi. Akaomba namba za wale wateja, akawapigia palepale, amesimama mlangoni. Mpiga besi wa bendi nyingine alicheka sana, akasema basi atatafuta nyeusi kama ile, na oda akaifuta. Mwalimu wa kwaya hakucheka.

"Mimi sikuagiza wimbo wako, mama. Niliagiza kazi ya mzee, na bado naitaka," alisema. "Lakini siku ile nilimwona alivyokuwa. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Sawa," akajibu mwalimu, na simu ikakatika.

Aliyebaki ni Baba Pacha. Alimwambia jioni hiyohiyo, mumewe akiosha grisi mikononi kwenye beseni. Alimweleza yote, studio, redio, bandani. Baba Pacha aliendelea kusugua kucha ambazo zilikuwa zimeshatakata.

"Kwa hiyo pale redioni," alisema mwishowe, "ulinitazama usoni, ukasema vile, nami nikakaa nachekelea."

"Sikutaka kukuumiza."

"Kama ningeleta breki mbovu, ungeniambia zinashika?" Akamwaga maji. "Mimi nilitaka upate kitu kizuri. Kama si kizuri kwako, ulikuwa na mdomo."

Hakumsemesha tena mpaka siku ya tatu, na hata hapo alianza kwa kuulizia chumvi. Mama Pacha alirudi redioni peke yake. Mtangazaji alimwambia wasikilizaji hawajali besi gani ilipiga nini. Akang'ang'ania mpaka akapewa nusu dakika kati ya tangazo la sabuni na taarifa ya mpira. Akasema kweli kwa sauti kavu, akaondoka. Karakana nzima ya mabasi ilimsikia. Walimtania Baba Pacha wiki mbili, naye akavumilia.

Besi ya hudhurungi ilirudi baada ya mwezi, imeunganishwa upya, haina alama. Mzee Randa alikataa malipo ya kazi hiyo. Mama Pacha akaanza kujifunza nayo alfajiri kabla ya kazi, polepole, wimbo mmoja mmoja, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono mwingine. Mwaka ulipokwisha alikuwa anaipigia nyimbo za taratibu, na kuna usiku wa harusi ambao alijua, bila kuambiwa, kwamba hakuna besi ya kiwandani ambayo ingeimba vile. Nyimbo za kasi bado alipiga kwa ile nyeusi. Wapigaji wachanga wakimuuliza kama besi zilizotengenezwa kwa mkono zinastahili bei yake, anawaambia hajui, na anabadilisha mazungumzo.

Kwa Mzee Randa alienda mara kwa mara kununua nyuzi. Mzee humkaribisha, humpa kigoda na chai, huulizia hali ya pacha na ya baba yao. Bado anamwita binti yangu. Lakini kila fundi mwenye kiburi cha kazi yake humuuliza mteja chombo kinaliaje siku hizi, na swali hilo Mzee Randa hakumuuliza tena. Mama Pacha hukaa pale akisubiri aulizwe, nyuzi mkononi, hadi chai inapoisha. Halafu hushukuru na kwenda zake.