Fundi Matairi na Nduaro

"Huyu bata ana vifaranga. Akifa utawalea wewe?" Mama Anneth alikuwa anamfokea fundi matairi wetu hapa Makambako. Fundi alikuwa amepiga magoti, bata kambana kwapani, ndoano imezama kinywani mwa bata. Jamaa akikosa tairi la kuziba hutupa mshipi uwanjani na kuuvuta polepole. Anajifunza kuvua nduaro, lile samaki kubwa la baharini lenye mdomo kama mkuki. Chambo chake ni kitambaa chekundu, na kwenye ndoano kafunga waya wa klachi, maana kamba tupu nduaro anaikata. "Akidaka usivute," hutuambia kila siku. "Mwache ameze kwanza." Na bata alipodaka, kweli aliachwa. Sasa vidole vyake vya grisi vikaichomoa ndoano taratibu mno, mpaka Mama Anneth akainama kutazama. Bata akatikisa kichwa, akawakimbilia wanawe.

"Umeona fundo lilivyokaza, mama?" fundi akauliza, uso unang'aa.

"Bahari yenyewe umeshaiona?"

"Bado. Ila nikifika, nitafika najua."

Akabeba jeki, akaenda kwenye fuso la viazi lililopasuka tairi barabara ya Njombe.