Moshi wa Nyota Usiofutika

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Shule alinikabidhi ufunguo wa maabara na ufagio. Hakunikaribisha hata chai. "Wewe ndiye Fizikia?" aliniuliza, kana kwamba somo zima limeshuka kwenye basi na sanduku lake. Nikamjibu, "Ndimi, Mkuu." Nilipofungua mlango nilikuta mikungu ya ndizi imetundikwa darini ili iive. Basi, nikaanza kwa kufagia.

Hapo ni Tukuyu, milimani, ambako mawingu hayana adabu. Miaka yangu yote pale nilifundisha elimu ya anga kwa chaki, maana kila nikiwatoa wanafunzi nje jioni, ukungu umeshatutangulia. Kisha nikahamishiwa Itungi, jirani na bandari, chini ya Mkuu wa Shule mpole aliyependa kwaya kuliko sumaku. Kituo changu cha mwisho kilikuwa shule ya kata upande wa Matema, ufukweni mwa ziwa, karibu na soko la vyungu la Lyulilo. Huko ndiko nilikopigana vita yangu, na nilishinda. Nasema mapema ili msihangaike.

Ninyi vijana mnaandika neno moja kwenye simu, picha ya nebula inakuja na rangi zake zote. Sisi tulikuwa na darubini moja, niliyoachiwa na daktari mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Kioo chake cha kukusanya mwanga kilikuwa na upana wa sahani ya kikombe cha chai. Niliilinda kama mboni ya jicho.

Somo nililolipenda kuliko yote ni kifo cha nyota. Nyota kama Jua letu huishi kwa kuunganisha haidrojeni kuwa heliamu ndani ya kiini chake. Haidrojeni ya kiini ikiisha, nyota huvimba na kuwa jitu jekundu, na mwishowe hupukutisha matabaka yake ya nje, polepole, kwa maelfu ya miaka. Katikati hubaki kiini kidogo chenye joto la ajabu, ambacho kikizidi kupoa huitwa kibete cheupe. Mionzi ya kiini hicho huifanya gesi iliyotawanyika ing'ae, na wingu hilo ndilo nebula. Wataalamu huliita nebula ya sayari, ingawa halihusiani na sayari yoyote. Waliolipa jina hilo waliona kijiduara tu kwenye darubini zao. Wanafunzi wa Lyulilo niliwaambia: mama zenu wanapochoma vyungu, nyasi za juu huondoka na moshi, na kaa la katikati huumulika moshi ule. Mfano unachechemea kidogo, kwa sababu gesi ya nyota hung'aa yenyewe, lakini walinielewa.

Halafu akaja Mkuu wa Shule mpya, akaniita ofisini. "Madam, Bodi inaona Fizikia ifungwe. Kidato cha tatu wote wachukue sanaa, na maabara iwe stoo ya mpunga wa shule."

Kidato cha pili nilikuwa na msichana mmoja, Tumaini, aliyeuliza swali la pili kabla sijajibu la kwanza. Aliitaka Fizikia kufa na kupona. Baba yake ndiye alikuwa Mwenyekiti wa Bodi, mvuvi mkongwe aliyeamini kwamba hesabu za mtoto wa kike zinaishia sokoni. Somo likifungwa, na Tumaini ndiyo basi tena.

"Mkuu, nipe jioni moja na hiyo Bodi," nilisema. "Nikishindwa, magunia ya mpunga nitayabeba mwenyewe."

"Madam, una mdomo wewe!" Akacheka, lakini akanipa.

Nilichagua Agosti, anga likiwa safi na mwezi haupo. Tatizo ni kwamba siku za giza kama hizo ndizo wadudu wadogo wa ziwa hupanda juu ya maji kwa mawingu, ukiwatazama mbali utadhani ni moshi. Saa mbili, wazee wa Bodi walikuwa wamejipanga uwanjani, na darubini nimeshailenga kwenye nebula. Mwenyekiti akainama wa kwanza kuchungulia, akainuka mara moja.

"Mwalimu, umetuita kuja kutazama wadudu?"

Wote wakaangua kicheko. Mkuu wa Shule akaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki yake. Nilikasirika, lo! Nikachomoa kitambaa mfukoni.

"Mzee wangu, mwenye macho haambiwi tazama. Shika hiki, ufute mwenyewe."

Alifuta kile kioo kidogo cha kuchungulia, akatazama. "Bado wapo."

Nikasogeza darubini pembeni kidogo. "Na sasa?"

"Hawapo. Nyota tu."

Nikairudisha. Akachungulia tena. "Wapo palepale," akasema. "Katikati ya nyota mbili zilezile."

"Wadudu gani hao, na upepo wote huu wa milimani? Wewe umevua maisha yako yote. Ulishaona wingu lao limetulia?"

Safari hii aliinama muda mrefu, mpaka wenzake wakaanza kuguna. "Lina tundu," alisema taratibu. "Kama mdomo wa chungu."

"Hiyo ni gesi iliyovuliwa kama nguo na nyota inayokufa. Jua letu nalo litafika huko."

Akashtuka. "Lini?"

"Usihofu, nyavu zako zitaoza kwanza. Ni mabilioni ya miaka."

Walicheka tena, ila sasa hawakunicheka mimi. Mwenyekiti akauliza nani mwingine pale shuleni anayajua mambo hayo. "Muulize binti yako," nikamwambia. Tumaini, aliyekuwa ameketi nyuma na wanafunzi wenzake, akasimama, akamweleza baba yake kwa Kinyakyusa, tangu haidrojeni mpaka kibete cheupe, wala hakubabaika. Mzee alimsikiliza mkono ukiwa kidevuni. Kisha akamgeukia Mkuu wa Shule: "Mpunga utafutiwe pengine."

"Ndaga fijo, Mzee!" nikamshukuru, nikapiga vigelegele mwenyewe, mtu mzima na heshima zangu.

Nilistaafu katika maabara ileile. Watu huniuliza kama kustaafu kunaniuma. Kuniume wapi! Nina migomba, nina kakao, na darubini niliiacha katika mikono salama. Juzi mwalimu wa Fizikia wa shule ile alinipigia simu akiwa amefura kwa hasira.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimewaita wazazi waone nebula, na Mwenyekiti mpya wa Bodi ananiambia kioo changu kina wadudu!"

"Marahaba, Tumaini," nikamjibu. "Mpe kitambaa."