Uvimbe Uliopiga kama Moyo

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya mvua huko Ludara, nikiwa muuguzi kijana ambaye sare yake bado ilinukia duka.

Waliniletea mama mkulima, jina lake Kiden. Malaria ilikuwa imemkausha hata mishipa ya mikono haikuonekana. Nilitaka damu ya kupima, nikaenda kuitafuta kwenye kinena, mahali ambapo mkono mchanga haufai kwenda peke yake. Sindano ikajaa damu nyekundu ya kung'aa, ikija kwa kusukumwa. Nikajua nimechoma mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka moyoni. Ukichoma huo, unabana dakika nyingi bila kuachia. Mimi nilibana kidogo tu, nikabandika pamba, maana foleni ilikuwa ndefu. Kwenye kadi yake sikuandika kitu. Haraka haina baraka, lakini nani angeniambia mimi wakati ule?

Baada ya siku kumi Kiden alirudi akichechemea, kinena kimevimba kama yai la bata. Mganga wa kliniki yetu, Rajabu, alitazama, akasema ni jipu, akaniagiza niandae kisu.

Nikaanza kusafisha ngozi. Uvimbe ukapiga chini ya vidole vyangu. Ukapiga tena, sawasawa na moyo.

Mwanangu, jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Nikisema, kazi yangu imekwisha. Nikinyamaza, Rajabu atakata, na damu itaruka hadi ukutani. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wazee. Siku hiyo maradhi yalikuwa ya mwingine na mfichaji nilikuwa mimi. Rajabu alikwisha kushika kisu.

"Daktari, usikate," nikasema. "Hii hapana jipu, iko napiga. Mimi nilichoma mshipa siku ile, na sikusema."

Rajabu akaweka kisu chini polepole. Kiden akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Rajabu akasema apelekwe hospitali kubwa. Tukapanda gari kwenda Arua, mimi nimekaa kando yake, na kila gari lilipoyumba nilitazama nguo yake kama imelowa damu. Kufika Manibe, karibu na Arua mjini, nilikuwa nimeomba dua zote nilizozijua, na nyingine nilizibuni mwenyewe.

Hospitalini alikuwepo mpimaji wa altrasaundi, mwanamke mtu mzima, Mama Candiru. Alipaka kinena mafuta yale mazito ya baridi, akaweka kifaa chake, akanivuta nitazame kioo cha mashine. Pembeni mwa mshipa palikuwa na mfuko, na ndani yake rangi nyekundu na buluu zikizunguka bila kutulia. Ndiyo damu, akanieleza, inatoka kwa tundu la sindano na kurudi humo humo. Daktari wa upasuaji akaja, akaona, akakubali wajaribu kubana kwanza kabla ya kupasua. Mama Candiru akakandamiza kile kifaa juu ya tundu, macho kwenye kioo, muda mrefu. Kiden aliuma kanga yake. Walipoachia mara ya kwanza, rangi zilirudi. Mara ya tatu hazikurudi, tundu limeziba.

Mama Candiru akanawa mikono, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini, "Sindano kukosa njia, hiyo inapata kila mutu. Lakini wewe ulifunga mdomo siku kumi. Hiyo ndio ingeua huyu mama."

Kiden alipona, akarudi shambani kwake. Ila kila alipokuja kliniki alikwenda kwa muuguzi mwingine, na kama nilikuwa peke yangu alingoja. Sikumlaumu hata siku moja.

Basi sikia, mwanangu, nawe unaingia kazi hii. Ukikosea mwilini mwa mtu, mwambie mwenye mwili siku ile ile, mwambie mkubwa wako, andika kwenye kadi. Uvimbe ulio karibu na mshipa usiukate kabla haujapimwa. Ukiogopa, sema huku unaogopa. Mimi nilisema hivyo hivyo. Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usiochelewa, na kila utakayemgusa arudi kwake akitembea. Amina.