Nilivyompeleka polisi kwa mukwe wangu

Polisi walituambia hapa Mushaki: ukiibiwa, usingoje, kuja useme. Basi ng'ombe wa mahari ya binti yangu alipopotea, sikuuliza muntu. Nilimkokota polisi siku nzima kwenye mvua, tukifuata alama za kwato, mimi nikimtukana mwizi. Zikaishia kwa mukwe wangu, yeye aliyetoa mahari hiyo. Ng'ombe alikuwa pale, ananyonyesha ndama.

Polisi akatoa kamba. "Papa, mwizi iko nani?"

Nikamnyooshea mukwe wangu kidole. Binti yangu akatoka ndani.

"Papa, si tulikuomba ungoje ndama yake aache kunyonya? Wewe njo ulikataa, ukamuchukua mama peke yake."

Polisi akatazama miguu yake yenye tope, kisha kidole changu, ambacho nilikuwa bado sijakishusha.