Faili Mama

Vidole vya mtu wa kompyuta katika depo ya sabuni, pale Bunia, havikujua kutulia: visipogonga vibonye vya klavye, viligonga meza. Arlette, aliyekaa mkabala naye akiingiza habari za wafanyakazi, alikuwa amechoshwa na wimbo wake ule ule: "Kitu inaandikwaka fasi moja tu!" Mfanyakazi ana jina gani, kabila gani, mshahara gani, vyote mtu huyo alivieleza katika faili moja aliyoiita Mama, na kila programu ilichota humo.

Asubuhi ile risasi zililia upande wa mtaa wa Rwambuzi. Mji ulikuwa umeanza kuulizana makabila. Mtu wa kompyuta alichungulia dirishani, akaketi, akachungulia tena. Kisha akafungua Mama, akafuta mstari wa kabila, akazitengeneza upya programu zote. Arlette aliona safu nzima ya makabila ikitoweka kwenye skrini yake, akaendelea kuandika. Mchana wakaingia wenye bunduki.

"Mutupe majina, kabila kwa kabila!"

"Mashini haijue kabila, shefu," akajibu, vidole vikigonga meza.

Bunduki ikamgeukia Arlette, aliyeyaandika makabila yote kwa mkono wake. "Na weye?"

Vidole vikatulia.

"Miye najua majina tu," akasema Arlette.