Jibini ya Kuonja Nayo Huhesabiwa

"Jibini haina wanga, kwa hiyo haihesabiwi. Kula mpaka uchoke."

Neno hilo muuza jibini wetu alilipata kwa mwenzake wa kaunta ya nyama. Mwenzake alilipata kwa dereva wa gari la maziwa, na dereva alilitoa wapi hakuna ajuaye. Lilimganda kama kupe, kwa sababu maneno matamu ndivyo yalivyo: hayaombi ushahidi.

Saa mbili asubuhi supamaketi inafunguliwa. Nyuma ya kaunta ya jibini amesimama mwanamke ambaye wateja wamembandika jina la Mama Kipande. Aproni nyeupe, glavu mikononi, mguu wa kulia ameupumzisha juu ya kreti la plastiki. Kisu chake kinapita kwenye jibini ya manjano kama kinakata sabuni.

Mteja wa kwanza ni mzee mwenye kikapu. Mama Kipande anakata kipande kimoja chembamba, anampa. Mzee hakipokei.

"Na chako kiko wapi?"

"Changu nimeshakula, babu. Cha leo kimekwisha."

"Mbona zamani tulikuwa tunakula wote? Au hii ina neno?"

"Haina neno. Mwenye neno ni goti langu."

Mzee anacheka, anaonja, anaagiza robo kilo. Lakini swali lake ndilo lenye kisa chote.

Kwenye kaunta hii muuzaji huonja pamoja na mteja. Hukata vipande viwili, akala chake mbele ya macho ya mteja, ndipo mteja akaamini. Mama Kipande amefanya hivyo miaka yote, na jina lake limetoka huko huko.

Goti lilianza kumsumbua kwa sababu ya kusimama kutwa na uzito uliozidi. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye cha mvunguni alikwishakisamehe, hata rafu ya chini ya friji alikuwa akipangiwa na wenzake. Daktari wa mifupa hakumzungusha: apunguze kilo kumi kwanza, ndipo afanyiwe upasuaji. Bila hivyo goti litazidi kuharibika, na kazi ya kusimama haina nafasi ya mtu wa kukaa.

Dada wa lishe pale kliniki akampangia mlo wa wanga kidogo. Mkate, wali, viazi na sukari vikatoka mezani. Kilo nne ziliondoka upesi, akajisifu mtaa mzima. Kisha mizani ikagoma.

"Niliilaumu mizani," anasema. "Nikasema hii ya kliniki imezeeka. Kumbe mwenyewe ndiye mwizi, na ninayeibiwa ni mimi."

Wakati huo chai yake ilikuwa tamu kuliko ya harusi. Sukari aliiacha, ndiyo, lakini alihamia kwenye ile sukari ya bandia ya vipakiti. Vipakiti vitano kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku. Si imeandikwa haina sukari? Basi akamwaga bila huruma.

Aliyemfumania ni mama yake mzazi, fundi cherehani mstaafu, mwenye jicho la kuona mshono uliopinda toka mlangoni. Alikuja kumpitia waende kliniki, akakaa kwenye benchi kando ya kaunta ya malipo akimsubiri. Alitazama mkono wa bintiye ukienda kwa mteja, ukirudi mdomoni, ukienda, ukirudi.

Njiani akamuuliza, "Leo umekula nini, mwanangu?"

"Mayai na mboga tu, mama."

"Na kile ulichokuwa unatia mdomoni kila mtu akija?"

"Ah, kule ni kuonja."

"Kuonja. Tumbo nalo limeambiwa ni kuonja?"

Mama hakumwachia hapo.

"Mficha uchi hazai. Tukifika, utasema mwenyewe au niseme mimi?"

Alisema mwenyewe. Dada wa lishe hakumfokea. Alimpa kazi moja: kesho yake, kila kipande ambacho angekula na mteja akitie kwenye bakuli, jioni akipime kwa mizani ile ile ya kuuzia.

Bakuli lilitoa gramu mia tatu na themanini.

"Nilikaa kwenye kreti nikalitazama," anakumbuka. "Ningepewa jibini yote ile kwenye sahani, ningesema hii ni ya familia."

Dada wa lishe akamfafanulia taratibu. Jibini ngumu ina wanga kidogo, lakini kidogo si sufuri, na mafuta yake mwili hauyatupi. Alichokuwa anaonja kilikaribia chakula cha siku nzima, juu ya chakula cha siku. Kwa mpango wake, mwisho ni kama gramu mia moja za jibini kwa siku. Na vipakiti vile vimejazwa unga ambao nao una wanga kiasi. Ukinywa viwili vitatu hauonekani, ukinywa ishirini unahesabika. Akampa vitatu kwa siku, basi.

Kuacha chai tamu kulikuwa rahisi kuliko kuacha kuonja. Msimamizi wake alikuja juu.

"Wateja wanakuamini kwa sababu unakula. Ukiacha, watadhani umeona kitu."

Na kweli, siku za mwanzo bibi mmoja alirudisha jibini yake kwenye kaunta, akaondoka akinung'unika. Mama Kipande angeweza kurudi kwenye vipande viwili hapo hapo. Hakurudi. Alianza kuwaambia wateja ukweli, mmoja mmoja: jibini ni nzima, mgonjwa ni goti. Asubuhi anapima fungu lake, anaonja kila aina kwa kipande kidogo, na siku nzima anauza kwa ladha aliyoikumbuka.

"Sasa wananiuliza goti kabla hawajauliza bei," anasema. "Msimamizi naye kanyamaza. Jibini inaisha kama zamani."

Mizani imeanza kushuka tena. Kilo tatu nyingine zimeondoka, zimebaki tatu. Hana shaka atazimaliza. Akishapona upasuaji, anasema, kitu cha kwanza ni kupiga magoti na kupanga rafu ya chini ya friji kwa mikono yake, kwa sababu wenzake wanaipanga ovyo.

Wanawake wenzake wakimuuliza siri, hutaja mambo ya kuepuka. Nawe uliye na mtoto, au mama, anayepunguza wanga, msomee:

Jibini inayokatwa bila kupimwa.

Kipande cha kusimama, kinacholiwa ukiongea na mtu.

Jibini ya kupaka na ya kopo, kabla hujasoma kilichochanganywa ndani.

Vipakiti vya sukari ya bandia zaidi ya ulivyoruhusiwa, hata kama chai ni chungu.

Biskuti na soda zilizoandikwa "bila sukari" ukadhani umepewa ruhusa.

Kubadili mlo kwa maneno ya watu, hasa kama unameza dawa za sukari au presha.

Kumwambia daktari nusu ya ukweli.