Mwizi wa Donati Moja

Kuna mtu alitumia kadi yangu ya benki kwa miezi ishirini na sita bila mimi kujua. Kila mwezi alinunua donati moja tu, ya dola moja na senti themanini na tisa.

Halafu deni analilipa mwenyewe, kwa hundi, na hata siku moja hakuchelewa.

Wezi nimewasikia wa kila aina, ila mwizi anayelipa sijawahi. Ngoja niwasimulie, na mkimaliza mnitukane, nitakuwa nimestahili.

Naitwa Renelle. Naishi Dayton, Ohio, nasafisha meno ya watu kwenye kliniki. Miaka tisa iliyopita nilikuwa nimeharibu jina langu kwenye mabenki yote. Nilikopa hovyo, nikashindwa kulipa, na huku kwetu ukishaharibu jina hupati nyumba ya kupanga, hupati gari, hata kampuni ya simu inakutazama kwa jicho la pembeni.

Njia ya kurudi ilikuwa moja, kadi ya wanaoanza upya. Unaipa benki hela yako iishike kama rehani, nayo inakuruhusu ukope kiasi hicho hicho, mpaka waone umepata akili. Sasa mimi hata hiyo hela ya rehani sikuwa nayo.

Aliyenitolea ni Verlon, mume wa mama yangu. Alinilea tangu nina miaka kumi na mmoja. Fundi wa mabasi ya shule, mtu wa maneno ya kuhesabu. Aliuza bunduki yake ya kuwindia kulungu, akaniwekea dola mia tatu mezani.

"Hii kadi usiifunge," akaniambia. "Hata ukija kuwa na za dhahabu, hii iache. Benki wanapenda kuona kitu umetoka nacho mbali."

Nilifurahi mpaka nikaomba benki watoe kadi ya pili yenye jina lake. Yeye maisha yake yote hajawahi kutumia kadi. Akacheka, akaichomeka kwenye pochi nyuma ya leseni yake ya kuwinda, nami nikasahau kama ipo.

Kisha mama akafariki.

Wiki tatu baada ya mazishi nilienda nyumbani nikakuta kabati lake tupu. Verlon alikuwa amepeleka nguo zote kanisani zigawiwe, bila kuniuliza. Jamani, nilimwambia maneno. Nilimwambia yeye si baba yangu na hajawahi kuwa, na kwa kuwa mama hayupo, mimi na yeye hatujuani. Nikaizuia namba yake kwenye simu.

Miaka miwili na ushei ikapita hivyo.

Mwaka huu nikaanza mipango ya kununua nyumba. Nina kadi mbili kubwa, za watu wenye heshima zao, na ile ya mia tatu niliiona kama kandambili kati ya viatu vya ofisini. Tena ina ada ya dola thelathini na tano kila mwaka. Nikasema naifunga, nachukua mia tatu yangu. Ona nilivyosema. Yangu.

Ndipo nikafungua akaunti, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikakutana na zile donati. Hata ada ilikuwa imelipwa.

Jina la duka lilikuwa Donati za Pruitt. Duka hilo liko mtaa wa pili kutoka nyumbani kwa mama. Moyo ukaniambia jambo, nikaunyamazisha, nikapiga simu benki.

Dada aliyepokea alikuwa mpole sana. Akaniambia kuna kadi ya pili, ina jina la Verlon Teague. Kama namfahamu na nilimruhusu, basi hapo hakuna wizi, wataifunga kwa utaratibu wa kawaida. Kama simfahamu, wataihesabu imeibwa, watazizuia kadi zote mbili papo hapo, akaunti ifungwe na rehani irudishwe kwa hundi.

Kichwa kikapata moto. Nikajisemea, kumbe mzee kagawa nguo za mama, na sasa anakula kwa jina langu.

"Simfahamu," nikasema.

"Una uhakika, dada?"

"Simfahamu kabisa."

Nikakata simu, nikapika makaroni na jibini, nikala, nikalala usingizi mzito. Mpaka leo najionea aibu kwa ule usingizi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata nikampokea mzee mmoja kliniki. Kuna maswali tunamuuliza kila mgonjwa kabla ya kumgusa meno. Nikamuuliza kama ana kisukari. Akasema anacho, na miaka kumi na mmoja hajaonja kitu kitamu.

Nikaacha kuandika.

Verlon ana kisukari. Miaka yote ile nilimwona kila asubuhi akijichoma kidole mezani kabla ya kula uji wake wa shayiri usio na sukari. Keki ya siku yangu ya kuzaliwa alikuwa anaikata, anatugawia, yeye anakunywa kahawa nyeusi.

Sasa donati ishirini na sita alizila nani?

Jumamosi nikaenda Pruitt. Kaunta anakaa mama mmoja anaitwa Earlene, yupo pale tangu nasoma shule. Nikaagiza kahawa, nikamuuliza habari za Verlon kwa kuzungukazunguka, kama vile napita tu. Hakunitambua.

Alinieleza bila kuficha. Mzee alikuwa anakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Ananunua donati moja kwa kadi, anampa aliye nyuma yake kwenye foleni, anaondoka. Watu walishaanza kuviziana wakae nyuma yake.

"Siku moja nikamuuliza, mzee, mbona huli?" Earlene akasema. "Akaniambia si yake. Eti kuna kadi ya binti yake, isipotumika benki wanaiua, na binti ana mambo mengi hana nafasi. Kwa hiyo anamtunzia."

Nikamuuliza kama mwezi huu alikuja.

"Sasa mwezi huu kadi ikakataa. Mashine ikaandika niichukue, imeibwa. Mimi ningefanyaje? Foleni ilikuwa mpaka mlangoni. Nikaikata kwa mkasi mbele yake, maana ndivyo tulivyofundishwa." Akapunguza sauti. "Hakubisha. Aliomba vipande tu."

Nilimwacha na chenji yangu mkononi, nikaendesha gari mpaka nyumbani kwa mama.

Verlon alikuwa gereji, amefungua mashine ya kukatia nyasi. Amekonda. Aliniona, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikupigia," akasema. "Barua ya benki ilikuja hapa, hukubadilisha anwani. Ilisema kadi imekaa sana bila kutumika, wataifunga. Nikapiga siku nne. Simu yako hainipokei."

Nikaanza kulia. Nikamwambia ni mimi niliyesema uongo, kwamba hasira ilinitangulia, kwamba sikujua. Maneno yakawa yanakuja ovyo ovyo.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akafungua droo ya vyombo vyake vya kazi, akatoa bahasha mbili. Moja ilikuwa imefunguliwa.

"Hii waliniandikia mimi," akasema. "Inasema mwenye kadi hanifahamu. Niliisoma mara mbili, nikidhani wamekosea nyumba."

Akaniwekea ile nyingine mkononi.

Bahasha ya pili ilikuwa na jina langu, haijaguswa. Ndani kulikuwa na hundi ya dola mia tatu, ile rehani imerudi. Nikamwambia hizo ni zake, ni bunduki yake. Akatikisa kichwa.

"Mimi nilishatoa, Renelle."

Akarudi kwenye mashine yake. Hakunifukuza, ila hakunikaribisha ndani.

Jumatatu nikapiga simu benki nikaomba waifufue. Haifufuki. Kwa mkopo wa nyumba haikuniathiri chochote, afisa alipitia faili langu akapitisha, kadi ile hata hakuitaja. Kwa hiyo mzee aliitunza miaka miwili na hata sikuihitaji. Nilichokihitaji ni yeye, na ndiye niliyemkana.

Nikaenda tawini na ile hundi, nikaomba kadi ya wanaoanza. Kijana wa dirishani akatazama rekodi yangu, akacheka.

"Dada, wewe umeshavuka huko. Nikupe kubwa."

"Nataka hiyo hiyo."

Akaandika. Kisha akauliza kama kuna mtu wa kadi ya pili. Nikataja jina la Verlon, ila nikamwambia asimwingize mpaka mwenyewe akubali. Akaniuliza ni nani kwangu.

"Baba," nikasema, nikashindwa kujizuia pale pale mbele ya foleni.

Nilimpelekea fomu nyumbani aweke sahihi. Aliipokea, akaibandika kwa sumaku kwenye mlango wa friji. Ni mwezi wa nne sasa, bado ipo pale, nafasi ya sahihi nyeupe. Jumapili huwa napita, tunakunywa kahawa nyeusi, tunaongea habari za hali ya hewa. Jumapili iliyopita aliniuliza kama nyumba yangu mpya inavuja.

Nami Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naenda Pruitt. Nanunua donati moja kwa kadi yangu ya mia tatu, nampa aliye nyuma yangu. Earlene sasa ananijua mimi ni nani. Ananipa risiti bila kunitazama usoni, na sina haki ya kulalamika.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilidhani wanasema habari za mkeka. Ndugu yangu unayesoma, kama kuna namba umeizuia kwa hasira, ifungue leo. Labda kuna mtu anakupigia siku ya nne.